Skirmioni yangu imetoweka ukandani: ulinzi wa kitopolojia unalinda nini, na kifaa kitaisomaje?

Mwenge_Fizikia aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninasoma shahada ya uzamili ya fizikia hapa Dar es Salaam, na ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu namna ya kuziumba na kuzitambua skirmioni ndani ya vifaa vya sumaku vya kiwango cha nanomita, kwa matumaini kwamba siku moja zitahifadhi data. Kwa wasiolifahamu jina hilo: chukua utando wa sumaku wenye unene wa atomu chache, ambamo spini zote (visumaku vidogo vya elektroni, tuvichore kama mishale) zinatazama juu. Katika eneo dogo la duara spini hizo zinaanza kuinama, zinalala, na hatimaye kitovuni zinatazama chini kabisa, kiasi kwamba ukiichukua mishale yake yote na kuipachika kwenye mpira mmoja, mpira mzima utafunikwa mara moja bila kubaki upara. Idadi ya mara ambazo mpira umefunikwa ndiyo namba ya kitopolojia, na vitabu vinasema kwamba haiwezi kubadilika kidogo kidogo: ni 1 au ni sifuri, nusu haipo.

Kwa kuwa sina maabara ya kutengenezea tando, nimeanza na mwigo wa kompyuta kwa kutumia programu ya mumax3, katika kompyuta yenye kadi ya NVIDIA niliyoinunua Kariakoo ikiwa imetumika. Nilipanga ukanda wa nanomita 400 kwa 60, unene wa nanomita 0.4, seli (vyumba vya gridi ya mwigo) za nanomita 2 kwa 2, usumaku wa kiloampea 580 kwa mita, nguvu ya mbadilishano (inayotaka spini jirani zielekee upande mmoja) ya pikojuli 15 kwa mita, anisotropi ya wima (inayotaka spini zisimame wima) ya megajuli 0.8 kwa mita ya ujazo, mwingiliano wa Dzyaloshinskii na Moriya (unaotaka spini jirani ziinamiane) wa milijuli 2 kwa mita ya mraba, na uga wa nje wa militesla 100 ulioelekea kinyume na kitovu. Niliipanda skirmioni katikati ya ukanda na kuiacha itulie. Mwanzoni namba ilisomeka hasi 0.9 na ushei (hasi ni kwa kuwa kitovu kinatazama chini), huku duara likisinyaa kama tone la maji kwenye kikaango. Kisha, kati ya mstari mmoja wa jedwali na ule unaofuata, namba ikaruka hadi karibu na sifuri na ukanda ukawa mtupu. Nilidhani umeme ulicheza na faili likaharibika, nikarudia mara tatu, na mara zote tatu ilitoweka mahali palepale.

Maswali yangu ni mawili. Ikiwa skirmioni inalindwa na topolojia, imetokaje? La pili ni la msimamizi wangu, na bado sina jibu lake: "Tuseme umeiumba. Kifaa hakina macho. Kitajuaje kwamba ipo?"

Mzee_wa_Kanuni alijibu:

Ndugu Mwenge, swali lako la kwanza lina majibu mawili, moja la kompyuta yako na moja la maumbile, na usiyachanganye.

La kompyuta ni hili. Ukiondoa kwenye anisotropi mchango wa uga ambao utando unajizalishia wenyewe, unabakiwa na takriban megajuli 0.59 kwa mita ya ujazo. Kwa kiasi hicho, na kwa mwingiliano wa milijuli 2, makadirio ya kawaida ya nadharia yanatoa nusu kipenyo cha nanomita 3 hivi, kabla uga wako wa nje haujaibana zaidi. Seli yako ina upana wa nanomita 2. Kwa hiyo kitu kizima ulichokuwa ukikilinda kilikaa juu ya seli tatu kwa upana. Programu za aina hii hudhani kwamba pembe kati ya seli mbili jirani ni ndogo. Pembe ikizidi, gharama ya kupinda spini inakadiriwa kuwa chini ya ilivyo, na skirmioni inadondoka katikati ya gridi kama dengu kwenye chekeche la mchele. Punguza seli hadi nanomita 1 au chini yake, pandisha mwingiliano hadi milijuli 3, ondoa uga wa nje, kisha uniambie kama bado inakimbia. Kwa milijuli 3 nusu kipenyo kinapanda hadi kati ya nanomita 6 na 7, na bado uko chini ya kiwango cha takriban 3.8 ambapo utando wenyewe ungeanza kujigawa kuwa mistari ya juu na chini.

Sasa la maumbile. Hoja ya kwamba namba haibadiliki kidogo kidogo inasimama juu ya sharti moja ambalo watu hulipita haraka: usumaku uwe mwendelezo usiokatika popote. Utando wa kweli si mwendelezo. Mkeka wa ukindu ukiutazama kutoka mlangoni ni kitu kimoja, na ua lililosukwa katikati yake haliwezi kuondoka bila mkeka kufumuliwa. Ukiinama na kuukaribia unaona ukindu mmoja mmoja, na unaelewa kwamba ua hilo ni mapishano machache tu ambayo mtu mwenye subira anaweza kuyachomoa. Kati ya atomu na atomu ya kobalti ni robo ya nanomita. Skirmioni ikisinyaa hadi upana wa atomu chache, neno "mwendelezo" halina kazi tena, na spini ya mwisho iliyobaki kitovuni inageuka juu kama nyingine. Njia ya pili ya kutoka ni ukingo: mpira haulazimiki kufunikwa wote ikiwa sehemu ya duara imeshatoka nje ya utando.

Kwa hiyo kinacholinda ni kilima cha nishati, na kilima hupimwa kwa urefu wake. Tuchukue kwamba skirmioni inajaribu kutoroka mara bilioni 1 kwa sekunde, kama inavyodhaniwa mara nyingi kwa kumbukumbu za sumaku. Ili ikae miaka 10, kilima kinapaswa kuwa mara 40 ya nishati ya joto, ambayo kwa halijoto ya kawaida ni karibu elektronivolti 1. Hiyo bilioni nayo usiishike kama msumari, kwa sababu kwa skirmioni kasi ya kujaribu inaweza kutofautiana sana kutoka nyenzo moja hadi nyingine. Umbo likiwa na njia nyingi za kusambaratika, kilima kirefu hakitoshi peke yake.

Niongeze jambo moja ambalo nadhani ndilo kiini cha pendekezo lako. Kilima kinachoizuia kutoka ndicho kinachokuzuia wewe kuiingiza. Anayetaka skirmioni isiyokufa ajiandae pia kwa skirmioni isiyozaliwa.

Historia kwa ufupi, kwani wakaguzi wa mapendekezo wanaipenda: jina linatokana na Tony Skyrme, Mwingereza ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akitafuta maelezo ya chembe za kiini cha atomu, wala hakuwa na habari na sumaku. Bogdanov na Yablonskii walitabiri mwaka 1989 kwamba maumbo ya namna hiyo yanaweza kutulia ndani ya sumaku ambazo kristali zake hazina kitovu cha ulinganifu, na mwaka 2009 kundi la Munich liliyaona kwa nyutroni ndani ya kristali ya silisidi ya manganizi, karibu na kelvini 29. Mwaka uliofuata kundi la Japani lilizipiga picha moja moja kwa hadubini ya elektroni.

Utando_Mwembamba alijibu:

Mzee amemaliza nadharia, shikamoo yake naiweka hapa. Mimi nilijifunza kazi ya tando nje ya nchi kabla ya kurudi Dar, kwa hiyo nizungumze upande wa mikono.

Kuiumba kwanza. Mwaka 2013 watafiti wa Hamburg waliandika na kufuta skirmioni moja moja kwa ncha ya hadubini ya kupenya kwa elektroni, katika tabaka la paladi na chuma juu ya iridi. Ni kazi ya kupendeza, na ncha ileile iliyoandika ndiyo iliyosoma, lakini ilikuwa katika kelvini 4 hivi na ndani ya uga mkubwa, hali ambayo huwezi kuibeba kwenye simu. Hatua iliyoleta mambo kwenye halijoto ya chumba ilikuwa ya mwaka 2015, katika maabara ya Argonne, Marekani. Walichukua utando wa tantali, aloi ya kobalti, chuma na boroni, na oksidi ya tantali, wakauchonga kuwa njia pana yenye shingo nyembamba katikati, kisha wakapitisha mkondo. Mistari ya sumaku iliyopenya shingoni ilikuta mkondo unatanuka kwa upande wa pili, ikavutwa pande zote, ikakatika na kuwa maduara, sawasawa na mtoto anavyopuliza povu la sabuni kwenye kitanzi. Maduara yale yalikuwa na upana wa karibu mikromita 1, makubwa mno kwa kumbukumbu, ila yalionekana kwa hadubini ya mwanga.

Tangu hapo njia ya kawaida ni mpigo mfupi wa umeme kwenye tabaka zito, platini au tantali, lililopakwa chini ya tabaka la sumaku. Tabaka hilo zito linafanya kazi mbili. Pale linapogusana na kobalti linazaa mwingiliano wa Dzyaloshinskii na Moriya, ambao ndio unaoamua spini ziiname kuelekea upande gani. Na mkondo ukipita ndani yake, elektroni zenye spini za upande mmoja zinapanda juu na kuusukuma usumaku wa kobalti. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba mpigo wa namna hiyo unaweza kuumba skirmioni bila msaada wa uga wa nje, na mahali zinapozaliwa panaweza kuchaguliwa kwa kuchonga kijipengo ukingoni mwa waya. Usipochonga pengo, kasoro za utando zitakuchagulia mahali, na hazitakuuliza.

Hapo kuna hesabu ambayo ningependa uiandike kwenye pendekezo, maana wengi huiruka. Waya wa platini wenye upana wa mikromita 1 na unene wa nanomita 5, ukitaka msongamano wa ampea trilioni 1 kwa mita ya mraba, unahitaji miliampea 5 tu. Inasikika ndogo. Lakini zidisha na ukinzani wa platini: ikiwa joto halipati pa kutorokea, mpigo wa nanosekunde 10 pekee unaupandisha waya kwa mamia ya digrii. Kitako cha silikoni kinanyonya sehemu kubwa, ndiyo maana vifaa vinapona, lakini pia ndiyo maana hujui kwa hakika kama skirmioni yako imezaliwa kwa kusukumwa au kwa kuchemshwa. Mimi naamini katika vifaa vingi ni vyote viwili.

Sasa swali la msimamizi wako, ambalo ni swali bora kuliko anavyodhani.

Kwa macho tunazo njia nyingi: mionzi ya eksi, hadubini ya elektroni, hadubini ya nguvu ya sumaku. Hii ya mwisho ndiyo rahisi kupatikana, na ndiyo yenye ujanja. Nina picha niliyoichukua mwenyewe ambamo skirmioni moja, nusu yake ya juu ni duara safi, na chini ya mstari fulani hakuna kitu, kama embe lililopasuliwa kwa kisu. Ncha ya hadubini ina sumaku. Ilipofika katikati ikaisukuma skirmioni pembeni, na mistari iliyofuata ikapiga picha ya mahali ambapo haipo tena. Msomaji asiyejua angeandika kwamba amegundua nusu skirmioni.

Kwa umeme, njia ya kwanza ni njia panda ya Hall: waya mmoja wa mkondo unakatizwa na waya wa kupimia volteji. Volteji ya pembeni inafuata wastani wa usumaku wa wima pale makutanoni, basi skirmioni ikiingia, wastani unapungua kwa eneo lake. Fanya hesabu. Makutano yawe nanomita 400 kwa 400, na tuseme kuugeuza usumaku wote kunabadilisha ukinzani wa Hall (volteji hiyo ya pembeni ukiigawanya kwa mkondo) kwa omu 1. Skirmioni ya kipenyo cha nanomita 100 inachukua asilimia 5 ya eneo, kwa hiyo inatoa omu 0.05, na kwa mkondo wa mikroampea 100 unapata mikrovolti 5. Hiyo inapimika bila taabu. Sasa ipunguze skirmioni hadi nanomita 10, ukubwa unaotakiwa ili kumbukumbu iwe na maana: eneo linapungua mara 100, na unabaki na nanovolti 50, ndani ya waya ambao joto lake likicheza kidogo linazaa volteji kubwa kuliko hiyo. Unaweza kuyapunguza makutano pia, ukiwa na mashine ya kuchonga ya daraja hilo. Udogo unaompendeza mhifadhi ndio unaomtesa msomaji, na sijaona anayekwepa.

Kuna wanaosema tutumie athari ya Hall ya kitopolojia, ile ambayo elektroni inapofuata spini zinazopinda inajisikia kana kwamba imepita ndani ya uga wa sumaku. Kila skirmioni inabeba kwanta moja ya mtiririko wa sumaku, yaani kiasi kilekile bila kujali ukubwa wake, kwa hiyo kadiri ilivyo ndogo ndivyo uga huo wa kubuni unavyokuwa mkali: karibu nusu tesla kwa kipenyo cha nanomita 100, na zaidi ya tesla 50 kwa nanomita 10. Ni wazo zuri na ndani ya silisidi ya manganizi lilionekana mwaka 2009. Katika tando za metali zilizopakwa tabaka juu ya tabaka, hata hivyo, elektroni hugongwa kila baada ya nanomita chache na mchango huo unazama. Kundi la Ufaransa lililosoma skirmioni moja moja kwa umeme katika halijoto ya chumba, mwaka 2018, lilikuta kwamba ishara yao karibu yote ilitokana na usumaku wa wima wa kawaida. Na jihadhari na vile vinundu viwili kwenye mchoro wa Hall ambavyo watu huvitangaza kuwa ushahidi wa skirmioni. Sehemu mbili za utando zenye ishara za Hall zilizo kinyume, zinazogeuka katika uga tofauti kidogo, zinatoa vinundu vilevile bila skirmioni hata moja.

Kumbuka pia kwamba wastani wa usumaku hautofautishi skirmioni na kiputo cha kawaida chenye namba ya kitopolojia sifuri. Njia panda ya Hall inahesabu eneo, haihesabu topolojia. Kwa hiyo jibu la uaminifu kwa msimamizi ni kwamba kifaa kitajua kuna duara lililogeuka chini; kwamba duara hilo ni skirmioni, ni lazima uwe umelithibitisha mapema kwa hadubini kwenye utando uleule.

Kijana_wa_Tabata aliuliza:

Naomba kuwauliza wakubwa bila kukusudia ubishi. Tangu mwaka 2008 Stuart Parkin wa IBM alipochapisha pendekezo la kumbukumbu ya njia ya mbio, ambamo data inasukumwa kwa mkondo ndani ya waya wa sumaku, na baadaye skirmioni zikapewa nafasi humo, tunaambiwa kifaa kinakuja. Kiko wapi? Je, si bora mwenzetu achague mada ambayo ina soko?

Utando_Mwembamba alijibu:

Dukani hakipo, na hilo halina mjadala. Skirmioni ikisukumwa haiendi moja kwa moja: inapinda kuelekea ukingoni, jambo lililopimwa na makundi mawili tofauti mwaka 2017, na ukingoni ndiko kulikokuwa na ule mlango wa pili aliousema Mzee. Dawa inayojaribiwa ni kuunganisha tabaka mbili zenye skirmioni za namba zilizo kinyume ili mipindo ifutane, lakini basi usumaku wa jumla unakuwa sifuri na kuzisoma kunakuwa kugumu zaidi. Kwa upande wa kusoma kuna habari njema. Mwaka 2024 watafiti wa Singapore walichapisha katika jarida la Nature kifaa ambacho skirmioni inaumbwa na kusomwa kwa umeme ndani ya kiungo cha upenyo wa sumaku, muundo ambao tayari unatengenezwa viwandani kwa kumbukumbu za aina nyingine. Humo mkondo unapita wima kupitia oksidi ya magnesi, na tofauti ya ukinzani kati ya usumaku wa juu na wa chini inaweza kuzidi asilimia 100, kwa hiyo asilimia 5 ya eneo si mnong'ono tena. Kazi ngumu ni kuyafanya matabaka yanayoizaa skirmioni na matabaka yanayoisoma yakubaliane kukaa juu ya kitako kimoja. Mwenzetu abaki hapo hapo alipo.

Mwenge_Fizikia alijibu:

Ninawashukuru sana. Nimeendesha upya kwa seli za nanomita 1 na milijuli 3 bila uga wa nje, na asubuhi hii skirmioni ilikuwa bado imekaa katikati ya ukanda. Namba inasomeka hasi 0.9 na kitu, haifiki 1 kamili, nami nilikuwa karibu kuiona kuwa ni kosa jipya, mpaka nilipochora spini za ukingoni na kukuta zimeinama zenyewe kwa ajili ya mwingiliano uleule, hivyo sehemu ndogo ya hesabu inaliwa na kingo mbili za ukanda na si na kitovu.

Nimechukua pia ushauri wa Utando na kuandika programu fupi inayobadilisha ramani ya usumaku kuwa volteji ya njia panda ya nanomita 60 kwa 60. Nimeiweka skirmioni katikati ya makutano, kisha nikaweka mahali pake kiputo cha kipenyo kilekile chenye namba sifuri, na mistari miwili ya volteji imelaliana kiasi kwamba nililazimika kubadilisha rangi ili niione yote. Nimeuchapa mchoro huo na kesho nitamwekea msimamizi mezani kabla hajauliza tena.